Somo Lisilovuka Mlango wa Ukumbi

KILA mwaka, ifikapo mwezi wa Februari, wakuu wa makampuni ya madini, wenye mabenki, mawakili wao na mawaziri wa nchi zetu za Afrika hukusanyika mjini Cape Town katika mkutano uitwao Indaba ya Madini. Mwezi wa Machi wengi wao huonana tena mjini Toronto, Kanada, katika mkutano wa chama cha watafutaji na waendelezaji wa migodi, chama kilichoundwa mwaka 1932. Na sisi hapa Dar es Salaam katika miaka ya karibuni tumekuwa wenyeji wa mikutano ya namna hiyo hiyo, yenye mabango, mikoba ya bure na vibanda vya maonyesho.

Katika mikutano hiyo yote ni maneno machache yanayorudiwa kama neno "somo". Waziri huja kueleza masomo ambayo nchi yake imeyapata. Mkuu wa kampuni husimama baada ya maafa akasema kwamba kampuni yake imejifunza. Mtaalamu wa benki hugawa masomo aliyoyaokota katika nchi nane alizozipitia kwa ndege. Wajumbe huandika, hupiga makofi, hupeana kadi, kisha huenda kula. Mtu asiyejua mambo, akiyasoma makabrasha yao, ataamini kwamba hakuna wanafunzi hodari duniani kama wachimba madini wakubwa. Basi imekuwaje wanadamu wanaendelea kufa migodini, na kando ya migodi, kwa maafa yale yale ambayo babu zao waliyafia?

Hoja ya makala haya ndiyo hii. Katika mikutano ya madini somo lihusulo fedha hufundishwa mara moja, likaeleweka, likatekelezwa kabla wajumbe hawajafungua masanduku yao nyumbani. Somo lihusulo roho za watu hufundishwa kila mwaka wala halieleweki. Sababu si ugumu wa somo lenyewe. Sababu ni kwamba walio ndani ya ukumbi ndio wenye kuogopa kupoteza fedha, na wenye kuogopa kupoteza roho hawamo.

Hata jina la mkutano ule wa Cape Town linatusimulia habari hiyo. Indaba ni neno la Kizulu. Maana yake ni jambo zito, au kikao cha kulizungumza jambo hilo, watu wakiwa wameketi na kila mwenye neno akisikilizwa. Waandaaji wamelichukua neno kwa wenyewe, wakawaacha wenyewe mlangoni. Maana kiingilio cha mkutano huo ni fedha ambazo mwalimu wa shule ya msingi hazioni kwa miezi kadhaa. Tangu mwaka 2010 makanisa na vyama vya raia vimelazimika kufanya indaba yao ya pembeni katika mji huo huo, ili yasemwe yale yasiyosemeka kule ndani.

Tuanze na somo la fedha, kwa kuwa sisi Watanzania tumelilipia ada kubwa.

Mwaka 1992 Benki ya Dunia ilitoa mwongozo wake juu ya uchimbaji wa madini katika Afrika. Kiini chake kilikuwa kwamba serikali ziache kumiliki na kuendesha migodi, ziwaachie wenye mitaji binafsi, zenyewe zibaki kuwa wasimamizi. Na kwamba shabaha yao ya kwanza iwe kukusanya kodi, wala si kuongeza ajira au kushika mamlaka juu ya rasilimali. Mwongozo huo ulihubiriwa katika kila ukumbi. Nchi baada ya nchi ilibadili sheria, kila moja ikitazama jirani yake amepunguza nini ili yenyewe ipunguze zaidi. Sisi tulitunga Sera ya Madini mwaka 1997 na Sheria ya Madini mwaka 1998. Mrabaha wa dhahabu ukawa asilimia 3. Migodi ikafunguliwa moja baada ya nyingine: Geita mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001, North Mara mwaka 2002. Dhahabu ikatoka.

Tusijidanganye kwamba tulishikiwa bunduki. Waliotia sahihi ni ndugu zetu, wasomi wetu, wengine walimu wa walimu wetu. Waliketi katika madarasa yale ya kifahari, wakafundishwa kwamba mwenye mtaji ni mgeni mwenye aibu, ukimkaripia kidogo ataondoka, na wakaamini. Ilihitajika Kamati ya Jaji Mark Bomani, iliyotoa taarifa yake mwaka 2008, na Sheria mpya ya mwaka 2010 iliyopandisha mrabaha wa dhahabu hadi asilimia 4, na tena tufani ya mwaka 2017, makontena 277 ya makinikia yalipozuiwa bandarini Dar es Salaam, ndipo Taifa likasema wazi kwamba somo lile lilikuwa la uongo. Sheria za mwaka huo ziliweka mrabaha wa asilimia 6, ada ya ukaguzi ya asilimia 1, na hisa za Serikali zisizopungua asilimia 16 katika migodi mikubwa. Mgeni mwenye aibu hakuondoka. Alikaa mezani, akakubali kulipa dola milioni 300, na kampuni ya Twiga ikaundwa kwa ubia, Serikali ikiwa na asilimia 16.

Kutoka 1992 hadi 2017 ni miaka 25. Ndio muda tuliotumia kusahau somo la mwalimu asiye wetu. Lakini angalia jambo hili: somo hilo, pamoja na uongo wake, lilitekelezwa upesi sana. Miaka sita tu ilitosha kutoka mwongozo hadi sheria. Hakuna mjumbe aliyesema kwamba ni gumu mno, wala kwamba wananchi hawajawa tayari, wala kwamba inabidi kwanza ufanyike utafiti. Sasa tulinganishe na somo la pili, somo la tope.

Kila mgodi mkubwa huzaa mlima na ziwa. Mlima ni kifusi cha mawe yasiyo na mali. Ziwa ni bwawa la topesumu, yaani unga wa mawe yaliyosagwa na kuchenjuliwa, uliochanganyika na maji na mara nyingi na dawa kali. Bwawa hilo halijengwi mara moja likaisha. Hupandishwa mwaka hadi mwaka kadiri mgodi unavyozidi kusaga, na mara nyingine ukuta wenyewe hupandishwa juu ya tope lile lile. Likilowa kupita kiasi, au msingi ukilegea, tope lililokuwa gumu kama ardhi hugeuka uji kwa dakika chache, likateremka bondeni kwa mwendo usiokimbilika. Hiyo si elimu mpya.

Oktoba 21, 1966, katika kijiji cha Aberfan, Wales, lundo la mabaki ya makaa ya mawe liliteremka asubuhi, masomo yakiwa ndiyo kwanza yanaanza, likaifunika shule ya msingi. Walikufa watu 144. Watoto walikuwa 116, na walimu watano walikufa pamoja nao. Mwaka 1963, miaka mitatu kabla, mhandisi wa halmashauri ya mahali pale alikuwa amekwisha andika barua juu ya hatari ya tope lililokuwa likimwagwa juu ya shule hiyo. Na hapa inatupasa sisi tunaoamini umilikaji wa umma tuseme kweli hata kama inauma: makaa yale yalikuwa mali ya Taifa tangu mwaka 1947. Hapakuwa na bepari wa kumlaumu. Palikuwa na shirika la umma, lenye ofisi kubwa na maofisa wenye shahada, na barua ilifika ofisini ikafa humo. Tume ya uchunguzi ililitia shirika hilo hatiani, lakini hapana mtu aliyefukuzwa kazi. Tena katika mwaka 1968 zilichukuliwa pauni 150,000 kutoka katika mfuko wa rambirambi wa wafiwa ili kusaidia gharama za kuondoa malundo yaliyobaki. Fedha hizo zilirudishwa mwaka 1997.

Miaka minne baada ya Aberfan, usiku wa Septemba 25, 1970, ilikuwa zamu ya jirani zetu wa Zambia. Katika mgodi wa shaba wa Mufulira tope lililokuwa limerundikwa juu ya ardhi lilitoboka likamwagika chini, katika mapango ambamo zamu ya usiku ilikuwa kazini. Walikufa wachimbaji 89. Februari 22, 1994, baada ya mvua kubwa, bwawa lilipasuka juu ya mtaa wa Merriespruit katika Jimbo la Free State, Afrika Kusini, likaua watu 17. Novemba 5, 2015, huko Mariana, Brazili, lilipasuka bwawa la kampuni iliyomilikiwa kwa ubia na makampuni mawili makubwa kabisa ya madini duniani, Vale na BHP. Watu 19 walikufa na tope likafuata mto hadi Bahari ya Atlantiki. Yalifuata makongamano, mada na maazimio, na maneno "tumejifunza" yakasikika kila mahali.

Miaka mitatu na ushei baadaye, Januari 25, 2019, lilipasuka bwawa jingine la Vale katika jimbo hilo hilo la Minas Gerais, huko Brumadinho. Ilikuwa saa sita na nusu mchana. Bwalo la chakula la wafanyakazi lilikuwa limejengwa chini ya bwawa, kwenye njia ya tope, na wafanyakazi walikuwa mezani. King'ora hakikulia. Walikufa watu 270. Miezi michache kabla, wakaguzi walikuwa wametoa cheti kwamba bwawa ni imara.

Mkutano wa Cape Town wa mwaka huo ulifunguliwa Februari 4, siku kumi baadaye. Wajumbe walipokuwa wakipeana kadi, miili ilikuwa bado inatafutwa topeni.

Ni haki kusema kwamba safari hii kitu kilifanyika. Agosti 2020 kilitolewa Kiwango cha Kimataifa cha usimamizi wa mabwawa ya topesumu, chenye misingi 15 na masharti 77, na makampuni makubwa yakaahidi kukifuata. Lakini tuulize ni nani aliyeyasukuma. Wajane wa Mariana walilia miaka mitatu pasipo kusikilizwa. Mambo yalianza kusogea kwa haraka pale wasimamizi wa mifuko ya pensheni, wakiongozwa na ule wa Kanisa la Uingereza na wenzao wa Sweden, walipoyaandikia makampuni zaidi ya 600 katika mwaka 2019, wakiyataka yaseme hadharani yana mabwawa mangapi, yako wapi, na yamejengwaje. Mpaka hapo hapakuwa na orodha ya dunia ya mabwawa hayo ambayo mtu wa kawaida angeweza kuisoma. Mwenye hisa alipouliza alijibiwa. Mwenye nyumba bondeni, aliyeuliza kabla yake, hakujibiwa. Asiyeamini hoja ya makala haya na aipime kwa kisa hicho kimoja.

Wala jambo hili haliko mbali na sisi. Novemba 7, 2022, ukuta wa bwawa la tope ulipasuka katika mgodi wa almasi wa Mwadui, mgodi wa tangu mwaka 1940 ambao Serikali yetu ina hisa ndani yake. Tope liliingia katika mashamba na makazi ya vijiji vya jirani. Hakuna aliyekufa. Tunashukuru, lakini kushukuru si mpango wa usalama. Na Februari 2025, huko Chambishi, Zambia, lilipasuka bwawa la kampuni moja ya shaba, maji yenye tindikali yakaingia katika Mto Kafue, na mji wa Kitwe ukafungiwa maji ya bomba. Ni mkoa ule ule wa Mufulira.

Miaka michache iliyopita mwandishi wa makala haya alifika katika shule moja ya msingi iliyo jirani na mgodi, katika Kanda ya Ziwa. Alikwenda kwa habari nyingine, ya madawati. Mwalimu Mkuu, mtu wa makamo, mpole, alimpitisha madarasani, akamwonyesha madawati mapya na rangi mpya, na kibao kikubwa cha kumshukuru mfadhili, ambacho kwa hakika kilikuwa kikubwa kuliko dirisha la darasa. Kisha akamtoa nje, akamsimamisha nyuma ya vyoo, akamwonyesha kwa kidole ukuta mrefu wa udongo uliokuwa ukionekana juu ya miti.

"Ndugu mwandishi," alisema, "ninyi ndio mnaokwenda katika mikutano. Hebu niambie. Ukuta ule ukipasuka saa nne asubuhi, watoto hawa niwakimbizie upande gani?"

Mwandishi alimuuliza kama hakuna aliyepata kumweleza. Mwalimu alisema kwamba aliwahi kuuliza mgodini, akaambiwa ukuta ni salama. Aliuliza wilayani, akaambiwa mambo ya mgodi yako kwa wahusika. Baadaye aliletewa madawati.

Wiki mbili tu kabla ya siku hiyo mwandishi alikuwa ameketi katika ukumbi wenye kipupwe mjini Dar es Salaam, akisikiliza mada juu ya usalama wa mabwawa. Mtoa mada alikuwa hodari. Alionyesha michoro ya rangi. Alisema kwamba mpango wa dharura lazima utengenezwe pamoja na wakazi wa bondeni, na kwamba mazoezi ya kukimbia yafanywe nao, tena si mara moja. Karatasi za mada ile zilikuwa bado ndani ya mkoba wa mwandishi, mkoba wa bure wenye nembo ya mkutano, na mkoba wenyewe ulikuwa begani pake pale nyuma ya vyoo. Jibu la Mwalimu lilikuwa hatua moja kutoka kwa Mwalimu. Lilikuwa kwa Kiingereza, limejaa vifupisho vya herufi, na halikuwa limeandikwa kwa ajili yake.

Hapo ndipo lilipo tatizo, na si lazima tulitafute Cape Town. Ofisa wa umma husafirishwa kwa fedha za wananchi. Hulipwa nauli, hoteli na masurufu. Akirudi huandika ripoti ya safari, kwa kuwa asipoiandika mhasibu hatafunga hesabu yake. Ripoti huingia katika jalada, na jalada huingia katika kabati. Ni mara ngapi, ndugu mtumishi unayesoma makala haya, umepata kumwona ofisa aliyetoka katika mkutano wa madini akienda kwenye mkutano wa kijiji kilicho kando ya mgodi, akasimama akasema: nilitumwa kwa fedha zenu, na haya ndiyo niliyojifunza?

Wapo watakaosema kwamba mambo haya ni ya kitaalamu, mwananchi hayawezi. Ni dharau ya zamani hiyo. Mkulima ajuaye ni siku ipi mto wake utavuka kingo hawezi kushindwa kuelewa kwamba ukuta wa udongo hulegea ukilowa. Wengine watasema kwamba wananchi wakiambiwa watataharuki. Waulizwe: pale Aberfan walioogopa na walioonya, na waliotuliza wenzao, ni nani aliyekuwa na akili? Na wako watakaosema, kwa sauti ya chini, kwamba maneno haya yatawakimbiza wawekezaji. Huo ni wimbo wa mwaka 1992, na tumekwisha kuusikia hadi mwisho wake. Mwekezaji ambaye anakimbia kwa sababu Mwalimu Mkuu ameuliza njia ya kuokoa watoto, kukimbia kwake ni faida.

Tusisahau kwamba sisi wenyewe, katika migodi isiyo ya mgeni yeyote, tumefeli somo lile lile. Mwaka 1998, huko Mererani, mvua kubwa ilinyesha na maji yakaingia katika mashimo ya tanzanaiti, yakaua makumi ya wachimbaji wadogo. Machi 2008, mahali pale pale, mvua kubwa ilinyesha na maji yakaingia katika mashimo, yakaua tena makumi ya wachimbaji wadogo. Miaka kumi, vijana wale wale wa Kitanzania. Kisha mwaka 2018 Mererani ikajengewa ukuta wa kilomita 24 na nusu ili kuzuia wizi wa mawe, na ukuta huo ulisimamishwa na vijana wa jeshi kwa miezi michache tu. Ni kazi nzuri, mwandishi huyu aliisifu na bado anaisifu. Lakini inathibitisha kwamba tukitaka tunaweza, na inauliza kwa nini jiwe liliposhuka thamani mikononi mwa walanguzi tulitaka upesi kuliko maji yalipoingia shimoni. Januari 2024, huko Bariadi, mgodi wa wachimbaji wadogo uliporomoka wakati wa mvua, zaidi ya watu 20 wakafa.

Katika mwaka 2015 wachimbaji watano waliokolewa wakiwa hai katika machimbo ya Nyangarata, Kahama, baada ya kufukiwa kwa siku 41. Mwenzao mmoja alifia humo. Siku 41 za giza, wakila mizizi na wadudu. Kama kuna maprofesa wa usalama wa migodi katika nchi hii, ni hao. Mwandishi huyu hajapata kusikia mkutano uliowaweka mbele ya kipaza sauti wakaulizwa: ndugu zetu, duara lilitoa dalili gani kabla ya kuporomoka, na ni kitu gani kama mngekuwa nacho kingewatoa siku ya kwanza?

Hayo si maneno ya ndoto, maana tumekwisha kuona mkutano wa namna nyingine. Januari 2019 wachimbaji wadogo waliitwa Dar es Salaam, wakakutana na Rais na mawaziri wake, wakazungumza wenyewe. Hawakuleta michoro ya rangi. Walieleza kwa Kiswahili chao jinsi kodi ya zuio ya asilimia 5 na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 zilivyokuwa zikiwasukuma kuuza dhahabu yao gizani. Ndani ya wiki chache sheria ilirekebishwa na kodi hizo zikaondolewa kwao, na mwezi wa Machi soko la dhahabu likafunguliwa Geita. Asiyependa mfano huo atasema kwamba hilo nalo lilikuwa somo la fedha, na atakuwa amesema kweli. Lakini safari ile mwenye maumivu ndiye aliyekuwa mwalimu, na lugha ilikuwa yake, na wakubwa ndio waliokuwa wakiandika. Ikiwa njia hiyo iliweza kufuta kodi, inaweza pia kufukua mtaro wa maji na kufunga king'ora.

Hatusemi mikutano isusiwe. Mjiolojia wetu anahitaji kukutana na wenzake, na nchi isiyokuwamo mezani huliwa. Tunasema kwamba aendaye kwa fedha za umma amechukua deni, na deni hilo halilipwi kwa jalada. Alilipe katika halmashauri ya wilaya, katika mkutano wa kijiji na katika chumba cha walimu, kwa Kiswahili. Kiwango kile cha mwaka 2020 kiko mikononi mwa makampuni tangu siku kilipotolewa. Nakala yake ya Kiswahili mwandishi huyu hajapata kuiona, na Taifa lililoweza kutafsiri sheria, vitabu vya sayansi na istilahi za Bunge haliwezi kushindwa na masharti 77. Kila ofisi ya kata iliyo chini ya bwawa la topesumu ingekuwa na ramani moja ukutani: bwawa liko hapa, tope litapita hapa, kimbieni huku. Ramani hiyo ni rahisi kuliko kibao cha shukrani. Na barua ya raia anayeonya juu ya ukuta iandikishwe siku iliyofika, na aliyeipokea ajulikane kwa jina, ili isije ikafa ofisini kama ile ya mwaka 1963.

Mwezi wa Februari wajumbe watakwenda tena Cape Town. Yule atakayetumwa na sisi na alichukue swali la Mwalimu Mkuu, alisome mbele ya kipaza sauti kama lilivyoulizwa, kwa lugha lililoulizwa, maana wakalimani hawakosekani kwa mkutano wenye fedha kiasi kile. Kisha arudi, apande basi, afike shuleni pale kabla masika hayajaanza. Mwalimu bado anangoja kuambiwa ni upande gani.